Piga Mara Moja, Ukate

Mke wangu Wachuka alipokwenda India kutolewa uvimbe tumboni, mimi nilibaki hapa Salgaa na daftari. Pesa zetu zilitosha tiketi mbili. Ya pili alipewa binti yetu Cate, kwa sababu yeye anaweza kuelewana na madaktari.

Daftari lile niliandika mwenyewe. Wiki mbili kabla ya safari nilishuka Nakuru, nikapanga foleni katika duka la simu, nikamwuliza msichana wa kaunta maswali mpaka walio nyuma yangu wakaanza kuguna. Sikuwajali. Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka ishirini na sita, katika darasa la jioni pale mjini, wakati nilikuwa dereva wa lori anayejua kusoma vibao vya barabara tu. Tangu siku hizo jambo nisipoliandika huwa nahisi sijaambiwa.

Yule msichana alinieleza mambo ya ajabu. Hapa kwetu anayepokea simu halipi kitu. Lakini ukiwa nchi ya nje na laini yako ya Kenya, unalipa hata kwa kupigiwa, na kila dakika unayosikiliza inakatwa kwako. Simu za kugusa ni mbaya zaidi, kwa maana hutumia data zikiwa mfukoni, bila kuagizwa na mtu.

"Zenyewe?" nilimwuliza.

"Zenyewe, mzee. Ziko na mambo yao. Lazima uzime kabla hujapanda ndege."

Nilirudi nyumbani nikawasomea Cate na mama yake baada ya chakula. Data izimwe mapema. Simu ikilia, isishikwe, ikatwe. Na kila siku saa kumi na moja jioni, saa za Kenya, Wachuka apige kwangu, ilie mara moja, kisha akate. Mimi nitajua yuko salama na hakuna senti itakayotoka.

Cate alicheka. "Daddy, mimi nashinda kwa kompyuta kutwa nzima, na wewe unanisomea daftari ya simu?"

Wachuka hakucheka. Alitoa kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, kwenye mfuko wa sweta, akaiweka mezani. "Rudia pole pole, Baba Kihara. Ikilia nafinya hiki chekundu?"

"Hicho chekundu."

"Hata kama ni wewe?"

"Hata kama ni mimi."

Aliitikia kwa kichwa, na nilijua limeingia. Mimi na yeye tulizoea ishara zamani, kabla ya simu kufika upande huu.

Miaka ile nilikuwa naendesha lori la Bwana Jasbir, kutoka Nakuru hadi Malaba na kurudi. Nyumba yetu iko juu ya mteremko, na barabara kuu inaonekana chini. Nikifika kwenye kona ya mikaratusi nilikuwa nikipiga honi mara mbili. Wachuka alitoka jikoni na kifuniko cha sufuria, akakiinua juu ya kichwa, na jua likakipiga. Nilikuwa naona mmweko mmoja tu kule juu, kisha kona inakwisha. Hilo lilinitosha hadi Malaba.

Siku moja waya wa honi ulikatika nikapita kimya. Nilirudi kesho yake mchana, nikamkuta ameketi kando ya barabara, kifuniko mapajani. Alikuwa ameshuka jana, akapanda kulala, akashuka tena alfajiri.

"Honi iliharibika," nikamwambia.

"Sasa mimi ningejuaje?" akasema, akapanda kwenye lori. Hakunisalimia mpaka jioni. Tangu siku hiyo sikuondoa lori kabla ya kujaribu honi.

Basi, India. Cate hakuzima data. Kabla hawajatoka uwanja wa ndege, simu yake ilikuwa imejaza deni mpaka laini ikafungwa, na laini ya kule ilikuwa bado haijakubali kufanya kazi. Habari zake zilikuja kupitia kaka yake Kihara, aliye Nakuru, pale tu Cate alipopata mtandao wa hoteli jioni. Lakini simu ya Wachuka ilikuwa nzima. Kila siku saa kumi na moja kabambe yangu ililia mara moja, jina lake likawaka, likazimika.

Siku mbili za kwanza nilijisifu. Siku ya tatu nilianza kuitazama simu tangu saa tisa. Ya nne nilitamani aisahau ile sheria, anikosee, niisikie sauti yake hata kama ni ya kuniuliza kama kuku wamefungiwa. Lakini sheria ilikuwa kwa mwandiko wangu, nami si mtu wa kufuta.

Upasuaji ulikuwa Alhamisi. Jumatano Kihara alinisomea ujumbe wa Cate: "Mwambie Daddy Mum amekataa kuniachia simu yake. Ameifungia kwa kabati ya wodi, ufunguo amempa nesi. Ati nitaimaliza kama nilivyomaliza yangu. Akitoka theatre akiwa sawa, atapiga mwenyewe."

Alhamisi walisema angekuwa ametoka kufikia saa nane zetu. Saa kumi jirani yangu Jerop, rafiki wa Wachuka wa miaka mingi, alikuja na maziwa, akakaa bila kukaribishwa.

"Bado?"

"Saa kumi na moja haijafika, Mama Micah."

Ilifika. Simu haikulia. Ikawa na dakika tano, ikawa na kumi. Malori yalikuwa yakishuka kule chini yakiguruma, nami nilichukia kila moja kwa kelele zake.

"Mpigie," akasema Jerop.

"Tulikubaliana nisipige. Akishika atakatwa pesa."

"Ai, Baba Kihara! Umefundisha mke wako kunyamaza, na sasa unakaa hapa ukitaka aongee."

Alikuwa amesema kweli. Nilichukua simu, nikapiga. Ililia mpaka ikachoka yenyewe. Niliwaza kabati lililofungwa, na simu ikilia ndani kati ya nguo zake, na mwenyewe hayupo.

"Tena," Jerop akasema, sasa kwa sauti ya chini.

Nilingoja kidogo, nikapiga tena. Ikalia mara tatu, kisha ikakatika.

"Mtandao," nikasema.

"Piga."

Nikapiga. Safari hii haikumaliza hata mlio wa kwanza. Ilikatwa, pap, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye hasira.

Jerop akashika mdomo. "Ni nani huyo anakata?"

Nilisimama. Nilijua. Cate hangekata, Cate angeshika na kuanza kupiga kelele, kwa maana daftari langu hajawahi kulitii hata siku moja. Nesi angeiacha ilie, au angeshika aniambie maneno ya kwao. Duniani kote kuna mtu mmoja tu anayeweza kuamka baada ya kupasuliwa, aone jina langu, na kufinya kile chekundu.

"Piga tena tusikie sauti!" Jerop akasema.

"Hapana. Ameshanijibu."

Niliingia jikoni nikatafuta kifuniko cha sufuria kubwa. Nikasimama nje, mahali alipokuwa akisimama, nikakiinua kuelekea barabara. Jua la jioni lilikuwa zuri, na nikaona duara la mwanga likikimbia juu ya mahindi.

"Sasa unamwonyesha nani?" Jerop akauliza. Alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa leso yake. "Barabarani hakuna mtu anakujua."

"Nyamaza, Mama Micah. Nyamaza kidogo."

Asubuhi Kihara alipiga kutoka Nakuru, akicheka mpaka nikamwagiza aanze upya. Uvimbe umetolewa wote, Cate ameandika. Mama alikuwa bado na usingizi wa dawa simu ilipoanza kulia kabatini. Alimwamrisha nesi afungue kabati ampe simu, akaikata mara mbili, akaiweka chini ya mto na kushikilia mkono wake juu yake.

"Cate alimwuliza kwa nini hakushika," Kihara akasema. "Unajua alijibu nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mwambieni baba yenu asome daftari lake.'"