Mawe ya Verlin Yasiyo na Karatasi

Verlin Stockwell alikuwa mbishi, tena mbishi wa kupitiliza. Miaka arobaini aliokota kalsaiti, mawe ya fuwele yenye ncha kali, kwenye machimbo ya chokaa ya kusini mwa Indiana, akajaza rafu za chumba cha chini cha nyumba yake: mawe mia nne na ushee, ya rangi ya asali, ya waridi, mengine meupe kama mafuta yaliyoganda kikaangoni. Na hakuandika hata moja limetoka wapi! Wenzake wa chama cha waokota mawe walimsema mpaka wakachoka. "Karatasi za nini?" aliwajibu, akijigonga kichwa. "Yote yamo humu."

Haya, sasa humo kichwani mmebaki utupu. Binti yake ameuza nyumba, Jumamosi Verlin anahamia makao ya wazee, na mkwewe Brent ameshaleta toroli. Makumbusho ya wilaya yakiyakataa mawe, mawe hayo yatamwagwa kufukia mashimo ya njia ya magari. Na makumbusho yalikuwa na sharti moja tu: kila jiwe lijulikane lilikochimbwa.

Ndiyo maana Nadine Hobart alishuka chumba cha chini asubuhi ile na bakuli la pudini ya matunda ya persimoni. Miaka mingi yeye na Verlin waligonga miamba pamoja, na alikuja kumsaidia kukumbuka. Bi Trevino wa makumbusho alikuwa ameshafungua daftari.

"Hili, mzee?"

"Machimbo ya Harlan," Verlin akasema bila kusita. "Mwaka themanini na saba. Mvua ilitupiga kama hatuna akili. Nadine akaacha kiatu kwenye tope, akarudi kwao na soksi."

"Kiatu kilikuwa chako, mzee mwongo wewe!"

Wote watatu wakacheka. Nadine akashusha pumzi. Kumbe anakumbuka, jamani, anakumbuka vizuri tu.

Jiwe la pili, Harlan. La tatu, la rangi ya chungwa, pia Harlan, na mvua ileile. Hapo Nadine akalitazama vizuri. Lile lilitoka Tennessee. Verlin alibadilishana na mtu kwenye maonyesho, na yeye Nadine ndiye aliyelifunga kwenye gazeti. Moja tu, akajiambia, litamdhuru nani? Lakini la kumi likapita, la ishirini likapita, kalamu inakwenda. Nadine alijua fika kwamba jiwe lenye maelezo ya uongo ni baya kuliko jiwe lisilo na maelezo, kwa sababu hilo moja huifanya rafu nzima itiliwe shaka. Mwenyewe alishawafokea watu kwa kosa hilohilo. Ila alilisikia toroli la Brent likigonga ngazi, akaiacha kalamu iendelee.

Kwenye jiwe la thelathini Verlin alisema Harlan tena, kisha akakwama. Aligeuza ncha nyekundu za jiwe hilo mkononi.

"Nadine. Na hili nimesema Harlan?"

"Ndiyo."

"Na yale mengine?"

Nadine akatazama pudini.

"Usinifiche, bwana. Wewe ulikuwepo. Ninasema kweli au ninabwabwaja?"

Angeweza kudanganya. Neno moja tu, na mawe yangepona. Lakini macho ya mzee yalikuwa yamemng'ang'ania kwa hofu, na Nadine akaona haya.

"Unabwabwaja, Verlin."

Mzee akaliweka jiwe mezani polepole. "Futa, binti," akamwambia Bi Trevino. "Futa yote. Mimi sijawahi kumpa mtu jiwe la uongo, na sianzi leo."

"Ngoja, ngoja!" Nadine akaruka. "Mimi ninayajua kumi na tisa yalikotoka. Kwa hakika kabisa, tulichimba wote. Niulize mimi."

Bi Trevino akafunga daftari. Hakuwa na ubaya. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mama, mawe thelathini ulikaa hapo ukinitazama naandika. Hayo kumi na tisa nitayaaminije?"

Nadine alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na alijua kuwa mwanamke yule alikuwa na haki.

"Vipi huko?" Brent akaita kutoka juu. "Tubebe?"

"Bebeni," Verlin akajibu. Akapapasa ukuta akiitafuta ngazi. "Ila huko njiani myalaze ncha chini. Watoto wa jirani wanakimbia peku."