Mwana wa Hamali Wodini

Ukoo wao ulikuwa wa mahamali tangu babu: baba na kaka wanne, watu wa shingo nene na maneno ya kuhesabika. Yeye, kitinda mimba, alibeba magunia ghalani miaka mitatu. Halafu siku moja, mezani, akatangaza kuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi.

Kaka mkubwa alipaliwa na maji. "Uuguzi? Utavaa gauni?"

Baba hakucheka, na hilo ndilo lililouma. "Kazi ya wanawake," alisema, akanawa mikono.

Mama peke yake ndiye aliyemfungia begi.

Chuoni walikuwa wanafunzi thelathini na mmoja; mwanamume, yeye tu. Wenzake wakambatiza Bwana Sista. Matroni, mama mkavu asiyejua mzaha, aliiangalia mikono yake akaguna. "Hii ni ya kupasulia kuni." Miezi tisa akamweka kwenye kuosha vyombo vya choo vya wagonjwa. Aliviosha vikang'aa, moyo ukimchemka.

Kisha akaletwa muuza nyama, jitu la mtu, nyonga imevunjika. Ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo ungechubuka na kuoza. Wauguzi wanne walimvuta, naye akapiga kelele wodi nzima ikatetemeka. "Niacheni nife!"

Bwana Sista akaweka ndoo chini. "Matroni, niruhusu."

"Haya. Tuone."

Akasogea mpaka kifua chake kikagusa kitanda, akapitisha mikono chini ya shuka, akamnong'oneza, "Mzee, toa pumzi." Akamgeuza taratibu kama mtu anayefunua ukurasa.

"Unaanza lini?" mgonjwa akauliza.

"Nimeshamaliza, mzee."

Wodi ikaangua kicheko. Matroni hakucheka. "Nani kakufundisha?"

"Baba. Anasema mzigo hauvutwi, unauingia chini."

Kesho yake Matroni aliwapanga wanafunzi wote mstari, na mwosha vyombo akawa mwalimu wao. Muuza nyama alitoka hospitali baada ya wiki nane, mgongo hauna hata mchubuko, na kila aliyenunua nyama kwake alipewa habari hiyo juu ya mizani.

Habari ikafika ghalani kabla ya barua ya mwaliko. Siku ya vyeti, baba na kaka wanne waliingia ukumbini na fulana za kazi. Jina la kwanza kuitwa lilikuwa la kijana wao. Akina mama wakapiga vigelegele, kaka zake wakapiga mbinja, hata Matroni akasahau kukunja uso.

Baadaye baba aliomba kuiona wodi. Wasichana wawili walikuwa wanamgeuza bibi mmoja. Baba akashindwa kujizuia.

"Wanangu, msogeleeni! Mtavunjika viuno!"

Wakamsogelea. Bibi akageuka, akatabasamu.

Baba akamgeukia mwanawe. "Nilisema kazi ya wanawake."

"Ulisema, baba."

"Nilibwabwaja."

Jioni ile ghala lilikosa mahamali watano waliobaki kusherehekea, na hakuna hata mmoja aliyeomba radhi kazini.