Kimpira Kwenye Dumu

Mimi Matrida sinaga mchezo na kazi. Kwenye hoteli yetu hapa Musoma, pale mapokezi, kuna tangi kubwa la kioo lenye furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Nyuma yake, ndani ya kabati, kuna mashine inayonyonya maji kwa kimpira, inayapima yenyewe, halafu majibu yanaingia kwenye simu yangu. Kuisafisha kila mwezi ni kazi yangu. Msaidizi wangu Ghati alikuwa analisha samaki na kufuta kioo tu. Mashine nilimkataza hata kuisogelea.

Mwezi uliopita, asubuhi moja, tukakuta furu wote wanaelea matumbo juu. Nikaangalia simu: maji safi. Nikasema basi, kama maji hayana shida, kuna mtu katia sumu, na anayeshikaga tangi kila siku ni nani? Ghati akaapa, akalia mpaka akakaa chini. Wala sikumhurumia. Bosi akanisikiliza mimi, akamfukuza mbele ya watu. Habari ilifika kwao Buswahili kabla yeye hajafika.

Jana ikawa siku ya kusafisha tena. Fundi Gody alishanifundisha: unatoa kimpira kwenye tangi, unakitia kwenye dumu la maji safi ili mashine ijisuuze, ukimaliza unakirudisha. Nikafungua kabati nikitoe. Kwenye tangi hakikuwemo. Kilikuwa ndani ya dumu, dumu lile lile nililoliacha mwenyewe niliposafisha mwezi uliopita, kabla furu hawajafa.

Jamani! Muda wote ule mashine ilikuwa inapima maji safi ya dumu, huku samaki wanakufa kwa uchafu wao. Nikafunga kabati, nikafungua tena. Kimpira kilikuwa pale pale.

Nikapanda bodaboda kwenda Buswahili. Nilijua nitamwomba Ghati radhi, arudi kazini, yaishe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana. Akanipeleka nyuma ya nyumba, ambako mama mkwe wake, bibi Yunis, alikuwa anachochea kisufuria kwenye mafiga yake mwenyewe.

“Tangu siku ile hali chakula changu,” Ghati akasema. “Mwambie yeye, madamu.”

Sikuwahi kufikiri maneno yangu ya mapokezi yangefika mpaka jikoni kwa watu. Nikamweleza bibi yote, kwamba sumu haikuwepo, kosa ni langu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akamtuma Ghati alete ugali.

Ghati akaleta ugali na dagaa, akatunawisha. Bibi akasukuma sahani mbele yangu.

“Anza wewe.”

Nikamega, nikameza. Akaniangalia mpaka tonge la tatu, ndipo naye akanyoosha mkono kwenye sahani.