Hodi Kwenye Shimo la Maji Taka

Hii hamtaiamini, naapa, lakini nisikilizeni mpaka mwisho.

Nyuma ya hospitali kubwa kuna shimo la maji taka, na wazibuaji hawakushuka humo bila kupiga hodi. Mmoja aligonga mfuniko kwa mtaimbo, wakangoja. Waliojibu ni bakteria, ukoo mzima, walioishi kwenye ule utelezi wa ukutani. Wakisema "karibuni," watu walishuka. Wakisema "subirini, ndio tumemaliza kula," watu walikaa pembeni wakapiga soga, maana bakteria wakishiba hutoa gesi inayoua. Barakoa za gesi hazikuwepo. Ziliahidiwa tu.

Akaja msimamizi mpya. Walimwita Chapchap, kwa kuwa hakuwa na neno lingine.

Siku hiyo maji machafu yalifurika mpaka wodi ya wazazi. Zamu ilikuwa ya ndugu wawili. Kaka mtu akagonga.

"Subirini," bakteria wakasema. "Leo tumekula sana."

"Yaani mimi, na digrii yangu, ningoje vijidudu vicheue?" Chapchap akasema. "Shuka, chapchap!"

Kaka mtu akashuka. Mdogo wake ndiye aliyemvuta kwa kamba, kaka akiwa maiti.

Msibani bakteria nao walikuja. Walipanda kwa bomba la sinki la jikoni, wakatandaa ukutani, wakajibana mlangoni wasichafue watu. Harufu ilikuwa mbaya. Mjane akafungua dirisha.

"Pole, shemeji," wakasema. "Tulimwambia."

"Najua mlimwambia. Kaeni."

Chapchap alikuwepo, na suti yake. Bakteria wakayarudia mbele yake maneno ya siku ile, neno kwa neno, watu wote wakisikia. Akaitikia kwa kichwa, akasema atayafikisha kwa wakubwa. Akaomba maji ya kunywa.

Mjane akamshika mkono mdogo wa marehemu. "Shemeji, lile shimo usishuke bila barakoa."

"Nishuke, kwani nimechanganyikiwa?"

Jumatatu shimo likaziba tena. Mdogo mtu akagonga.

"Subiri," wakasema, wakimbembeleza. "Subiri, mdogo wetu."

Chapchap akageuka kutazama getini, ambako watu walisimama wakitafuta kazi, mabuti mkononi. Hata lile neno lake hakulisema.

Mdogo mtu naye akawatazama. Sasa alikuwa na nyumba mbili za kulisha. Akavuta pumzi, akaweka mguu kwenye ngazi. Huko chini, bakteria wakaanza kulia mapema.

Ungekuwa wewe, ungeshuka?