Pikipiki Hujaribiwa kwa Mayai

Askari wa mlangoni alikuwa ameshaona wateja wa kila aina wakiingia katika duka lile la pikipiki mjini Thika: wenye pesa, wenye maneno, na wale wa kuja kupigwa picha tu wamekalia pikipiki wasiyoweza kuinunua. Mteja aliyekumbatia trei ya mayai hakuwa amewahi kumwona. Akamzuia.

"Mama, hapa hatununui mayai."

"Nani amekuambia nauza?" Waithira akamjibu bila kupunguza mwendo. "Nimekuja kununua."

Na kweli alikuwa amekuja kununua. Waithira, ambaye mtaani Landless watu walimwita Mama Nyawira kwa jina la bintiye, alikuwa mchuuzi wa mayai ya kienyeji, na kwa miezi mitatu sasa alikuwa mchuuzi mwenye hasira. Kila siku alipanda pikipiki ya Obiero, kijana wa bodaboda, trei tatu mapajani, kutoka Landless hadi Mwiki kule Ruiru, kwenye hoteli ya Emmaculate. Na kila siku, trei zikifunguliwa, mayai mawili, matatu, siku nyingine matano, yalikuwa yamepasuka. Jana yalikuwa saba. Emmaculate alimwambia kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mama Nyawira, wiki moja zaidi hivi, nitatafuta mtu mwingine."

Waithira hakuhitaji kupiga bao ajue kosa lilikuwa la nani. Nani aliyekuwa akiendesha? Obiero. Basi. Jioni ileile alimshukia palepale stejini, mbele ya waendeshaji wenzake wote, akamwambia macho yake ni ya mapambo, na kwamba mtu asiyejua tofauti ya kubeba mayai na kubeba simiti heri arudi kwao akachunge mbuzi. Haikuwa mara ya kwanza. Wenzake walicheka mpaka wakashika magoti, na siku hizi Obiero hapiti stejini bila kuulizwa kama ana chapati ya kula na hayo mayai yake. Obiero hakuwa akijibu. Alikuwa mtu wa maneno machache na pikipiki moja, kuukuu, aliyoifuta vumbi kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai.

Basi Waithira akakata shauri. Angenunua pikipiki yake mwenyewe, na mpwa wake Mwas ndiye angeiendesha. Obiero hakuambiwa. Aliambiwa tu, "Nipeleke mjini kidogo," akampeleka. Mwas naye alitakiwa kuwa dukani saa nne. Saa nne na nusu simu yake ilikuwa bado imezimwa, kwa sababu kwa usingizi Mwas hakuwa na mpinzani Thika nzima.

"Karibu sana, Cucu!" Kijana mwenye shati jeupe na tai nyekundu alimjia mbio. Kitambulisho kifuani kilisema Kinyanjui.

"Cucu ni yule aliyemzaa mama yako. Mimi ni Mama Nyawira."

"Pole. Karibu, Mum." Kinyanjui hakuvunjika moyo, maana mwezi ulikuwa unaisha na hakuwa ameuza hata moja. Akaipapasa pikipiki moja nyekundu iliyong'aa. "Hii ni ya injini ya one-fifty, brand new. Na shock zake za nyuma, Mum, ni laini mpaka unaweza kulala ukiwa juu."

"Hayo ni maneno. Ngoja tuone kama mayai yameyasikia." Waithira akaitua trei mezani na kufunua gazeti alilokuwa amefunikia. Mayai mawili yalikuwa yamepasuka. Akageuka kwa ghadhabu, akamnyooshea kidole Obiero aliyekuwa nje ya kioo akifuta pikipiki yake. "Ngai! Unaona? Kutoka Landless tu mpaka hapa! Si hata Ruiru!"

Kinyanjui akatoa yale yaliyopasuka na kuhesabu yaliyobaki. Ishirini na manane. Kisha akaeleza utaratibu: test ride ni ndani ya uwanja wa duka, mizunguko miwili, polepole.

"Mimi siuzi mayai kwa uwanja wenu," Waithira akasema. "Nataka ile njia ya Kiandutu, yenye matuta na mashimo."

"Mum, rules zinasema pikipiki haitoki bila staff kuwa juu."

"Vizuri kabisa. Staff atabeba mayai."

Kinyanjui akalitazama shati lake jeupe, akaitazama trei, akawaza mwisho wa mwezi. Akakubali.

Sasa aendeshe nani? Waithira akapiga simu ya Mwas mara ya tano. Mteja hapatikani. Akatoka nje taratibu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Obiero," akaanza, na sauti ikapungua yenyewe. "Nanunua pikipiki. Mwas ndiye ataendesha. Lakini hajafika, na mimi sina leseni."

Obiero akaitazama ile nyekundu kupitia kioo, kisha akamtazama yeye. "Kwa hivyo unataka mimi nijaribu pikipiki ya kunifuta kazi."

"Ukisema hivyo inasikika vibaya."

"Nisemeje, Mama Nyawira?"

Waithira aliona aibu kidogo, akaikanyaga. Obiero akavaa helmeti na kwenda kuipanda ile pikipiki nyekundu.

"Usimwonee huruma!" Waithira akampigia kelele Kinyanjui aliyekuwa akipanda nyuma. "Mwambie apite kila tuta!" Kinyanjui aliilaza trei mapajani na kuigusa kwa ncha za vidole tu, asije akachafua shati, wakaondoka.

Walirudi baada ya robo saa. Kinyanjui alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Akaitua trei mezani, Waithira akahesabu kwa kidole, moja baada ya jingine, akiligeuza kila yai. Ishirini na manane, mazima kama yalivyotoka kwa kuku.

"Nilijua!" akapiga makofi. "Kumbe ni kale kapikipiki kake! Springi zimekufa. Leta hizo karatasi nitie sahihi."

Kinyanjui alikuwa ameshafungua kalamu.

"Ngoja kidogo," Obiero akasema. Hakupandisha sauti, lakini wote wawili waligeuka. "Jana ilikuwa mimi. Mimi ndio sijui barabara, mimi nirudi kwetu. Leo nimeendesha mimi na hakuna yai limevunjika, sasa ni pikipiki yangu. Kesho itakuwa nini? Boss," akamwambia Kinyanjui, "kuja upande hii pikipiki yangu. Mayai ni hayo hayo, njia ni hiyo hiyo."

Kinyanjui akafunga kalamu polepole. Waithira alimwona akipiga hesabu kichwani. Mayai yakivunjika, ameuza. Yasipovunjika, ameenda kuchafuka bure. Na njia ya Kiandutu ni ndefu. Mtu akibonyeza yai moja kwa kidole gumba, nani angejua? Waithira aliyaona mawazo hayo usoni pa kijana, na hakumkanya.

Wakaondoka kwa ile kuukuu, ikikohoa.

Waithira akabaki amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Mwanzoni alijiambia hana wasiwasi. Kisha akaanza kuomba. Alikuwa ameyaombea mayai maisha yake yote: yasioze, yasivunjike, yasipande bei kwa mfugaji. Yaliyomsomesha Nyawira ni mayai. Leo, kwa mara ya kwanza, aliomba yavunjike. Mawili tu, Bwana. Hata moja. Kwa maana yasipovunjika, yale aliyoyasema stejini, tena kwa sauti ile, atayapeleka wapi? Aliogopa, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwogopa kijana wa bodaboda.

Ile kuukuu ikarudi ikikohoa. Kinyanjui akashuka na kuhesabu mwenyewe, mara mbili. Alipoinua uso alikuwa kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

"Zote, Mum. Twenty-eight."

Kijana wa watu alikuwa mwaminifu. Waithira alitamani kumkaba koo.

Askari wa mlangoni naye alikuwa amesogea kusikiliza. Hatimaye Kinyanjui akakohoa kidogo na kuuliza, kwa heshima zote alizofunzwa nyumbani, "Mum, kwani siku zingine mayai hubebwa na nani?"

"Na mimi."

"Haziwi zimefungwa hapo nyuma kwa carrier?"

"Mayai hayafungwi kwa mpira kama kuni! Nabeba na mikono yangu. Siamini mtu."

Askari alijitia anatazama barabarani. Waithira akaisikia kauli yake mwenyewe ikimrudia masikioni, akainyakua ile trei. "Obiero, washa. Sasa ni mimi nabeba."

Wakatoka wawili, kwa pikipiki kuukuu, kama siku zote. Waithira aliapa moyoni kwamba safari hii atakuwa macho. Na alikuwa macho, mpaka walipolikaribia tuta la kwanza. Hapo macho yakajifumba yenyewe, mabega yakapanda, na mikono ikaivuta trei kifuani kwa nguvu zote, kama mama anayenyang'anywa mtoto. Pikipiki ikapanda tuta na kushuka polepole kabisa. Waithira akasikia kitu kikisema "kwaa!" Akafumbua macho. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa ndani ya yai, na ute ulikuwa unamtiririkia kwenye sketi.

"Simama," akasema.

Obiero akasimama kando ya barabara, karibu na mama aliyekuwa akichoma mahindi. Waithira akashuka. Alikitazama kile kidole kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu Pasaka," Obiero akasema. "Nilikuona kwa side mirror. Kila tuta unafunga macho."

"Na hukuniambia!"

"Yawa, Mama Nyawira. Ningekuambia wewe ndio unavunja, ungesema nini?"

Waithira alijua vizuri angesema nini, na angelisema kwa sauti gani. Moyo ulimuuma. Miezi mitatu amemwaga hasira juu ya mtu asiye na hatia, na mtu huyo kila kukicha alikuja kumchukua mlangoni, pikipiki ikiwa safi.

"Nisamehe, Obiero," akasema. Lilikuwa neno gumu kwake. Hata marehemu mumewe hakuwahi kulisikia likitoka lote.

Obiero akakubali kwa kichwa, lakini hakuwasha pikipiki. "Nimesikia. Lakini hukunitukana hapa, Mama Nyawira. Hapa hakuna mtu ananijua. Huyu wa mahindi hata hajui jina langu."

Waithira akamwelewa, na kumwelewa kukamwuma kuliko yote. Heri angemdai kitu kingine.

Walirudi dukani kwanza. Kinyanjui aliwapokea na kalamu mkononi, ingawa uso ulionyesha kwamba hana tamaa. "Pikipiki yako haina kosa lolote," Waithira akamwambia, "ila sina haja nayo." Akamwachia mayai kumi kwa ajili ya lile shati, na kabla hajatoka akanunua mipira minne ya kufungia mizigo. Kinyanjui akaandika risiti kwa unadhifu mkubwa.

Saa sita na nusu ndipo steji ya Landless hujaa. Waendeshaji wapatao kumi na watano walikuwa wamekalia pikipiki zao wakila maandazi. Walipomwona Mama Nyawira akishuka, sketi imelowa ute wa mayai, wakakonyezana. Wengine walisogea karibu kabisa, wasikose.

Waithira akasimama katikati yao. Alitumia sauti ileile ya jana, maana hakutaka mtu aseme baadaye kwamba hakusikia.

"Yale mayai ya Emmaculate nilikuwa navunja mimi. Yote. Miezi mitatu. Si barabara, si pikipiki, na si Obiero. Ni mikono hii yangu, kwa sababu ya uoga. Na mimi ndio nilisimama hapa nikamtukana."

Walimtumbulia macho. Kisha mmoja wao, kwa mazoea tu, akaanza kucheka akimnyooshea Obiero kidole.

"Wee!" Waithira akamkata. "Huyo mmemcheka vya kutosha. Nichekeni mimi."

Wakamcheka. Vijana wa steji hawakatai ruhusa ya namna hiyo. Walicheka mpaka andazi la mmoja likaanguka vumbini, wakamwigiza akifumba macho, wakamwigiza akiukumbatia upepo. Waithira alisimama palepale, masikio yakimwaka moto, na hakuondoka hadi wa mwisho alipofuta machozi.

Obiero hakucheka. Alikuwa akifunga trei nyuma ya pikipiki kwa ile mipira, akivuta kila fundo mara mbili. Alipomaliza akajipangusa mikono kwenye suruali na kumgeukia.

"Sasa nimekusamehe," akasema. "Panda twende Ruiru."