Wembe wa Kopo la Nyuzi

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na kwa miaka mingi baba yake Misumari aliwacheka wahenga. Mteja akiketi kitini na kumtupia methali hiyo kwa utani, yeye alijipapasa kidevu kilichong'aa kama sahani, akajibu, "Wahenga hawakuniona mimi." Upara juu, kidevu laini chini, maneno mengi katikati: ndivyo mtaa ulivyomjua.

Tangu amzike mkewe, ndevu zilikuwa zimemshuka hadi kifuani na duka la kunyolea limefungwa. Vinyozi wenzake walikuja mmoja mmoja kujitolea kumnyoa. Aliwakatalia wote kwa upole, akawapa chai, akawasindikiza hadi mlangoni. Ufunguo wa duka ulining'inia kwenye msumari kando ya dirisha, na alikwisha kumwambia mwenye nyumba kwamba mwezi ukiisha atamrudishia. Misumari, binti yake, alijua maana ya neno hilo. Bila duka, mzee angekaa kwenye kiti cha sebuleni akingoja kufa, na wala asingekuwa na haraka.

Misumari alikuwa seremala. Jina hilo lilimganda utotoni, kwa kuwa hakuweza kupita penye ujenzi bila kubana misumari midomoni kama mafundi wakubwa. Siku alipokuwa akipanga vitu vya marehemu mama yake, ndani ya kopo la nyuzi, chini ya vifungo vya mashati, alikuta wembe wa kukunja, wa zamani, ule unaonolewa. Bapa lake lilikuwa limeshika kutu. Mpini, yaani vile vibao viwili vyembamba vya pembe ambavyo wembe hulala katikati yao, ulikuwa umepasuka penye ribiti inayoviunganisha, na kibao kimoja kilikuwa na kibonyeo kama kilichotafunwa na panya. Akaona amepata dawa. Baba akishika tena chombo chake, huenda hamu ya kazi ikamrudia.

Karakana yake ilikuwa uani, chini ya dirisha la sebule. Kutu aliitoa kwa msasa laini na mafuta, taratibu, mpaka chuma kikaanza kuonyesha uso wake. Kisha akalowesha kinoo, akauinua wembe kidogo kama anavyoinua patasi siku zote, akaanza kunoa.

"Hiyo siyo patasi," sauti ilisema dirishani.

Misumari akasimama. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mzee siku hiyo.

"Ulaze. Mgongo na makali vyote viguse jiwe. Wembe unajua pembe yake, haukuomba msaada wako."

Alidhani yameishia hapo, lakini mlango wa uani ukalia na mzee akatoka, suruali ameishika kwa mkono mmoja, mkanda ameshauvua. Akaufunga mkanda ule kwenye kitasa, akauvuta, akapitisha wembe juu ya ngozi ya mkanda mara kadhaa. "Kwenye jiwe makali yanatangulia. Kwenye ngozi mgongo unatangulia. Ukisahau utaukata mkanda, na mimi sina mwingine." Akang'oa unywele mmoja wa ndevu zake, akaugusisha kwenye makali. Unywele ukaanguka wenyewe. Akautazama wembe kwa muda, kisha akauliza ameupata wapi.

"Kwenye kopo la nyuzi la mama."

Mzee akarudi ndani, suruali bado mkononi. Mkanda aliusahau kitasani.

Misumari hakukata tamaa, maana aliyekwisha kuvua nguo hana budi kuoga. Alichukua masalio ya mpingo, akapasua vibao viwili, akavibandika pamoja kwa gundi hafifu ili avichonge kama kitu kimoja na visije vikatofautiana. Baba yake alipokuwa amesinzia kitini, alimpima kiganja kwa uzi. Akachonga kwa tupa, akalainisha kwa msasa, akapaka nta, akavitenganisha, akatoboa, akapitisha ribiti ya shaba na kuigonga kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, kwa sababu pigo moja la pupa lingepasua kila kitu. Alipoukunja, makali yaliingia katikati ya vibao bila kugusa upande wowote. Hakuwa amewahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na alijua hivyo.

Mzee aliupokea. Akaufungua, akaufunga. Ulimkaa mkononi sawasawa.

"Kazi safi," alisema, akauweka mezani. "Urudishe koponi."

Misumari aliumia, tena sana. "Baba, nimeupima kwa mkono wako."

"Ndiyo kosa lenyewe. Kile kibonyeo kiko wapi?"

"Palipotafunwa na panya? Nimepaondoa."

Mzee akacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi, na kikamtoka pamoja na machozi. "Panya huyo alikuwa mama yako."

Akamweleza. Walipokuwa wachumba alijinyoa siku moja ili amwonyeshe ujasiri, akajikata shingo hadi shati likalowa. Walipooana, mke alimnyang'anya wembe ule, akachimba kwa tupa mahali pa kidole gumba chake ili povu lisimtelezeshe, akawa anamnyoa kila alfajiri mlango ukiwa umefungwa. "Na mimi nikienda dukani kujigamba. Hao vinyozi wenzangu, mmoja akinishika kidevu tu, ataona nilivyozoea kunyolewa, ajue sijajinyoa tangu nioe. Lakini si aibu hiyo, mwanangu. Nimeshindwa tu kumpa mtu mwingine shingo yangu."

Misumari akauchukua wembe. Alikwenda karakana, akashika tupa, na juu ya ule mpingo uliong'aa, kazi yake nzuri kuliko zote, akachimba kibonyeo. Akajaribu kidole gumba chake. Akachimba tena kidogo.

Aliporudi alikuwa na bakuli la maji moto na sabuni. Mzee alimtazama, akatazama wembe, akakalia kiti cha jikoni na kuinua kidevu.

"Mkono unatetemeka," Misumari alisema.

"Wa mama yako ulitetemeka mwaka mzima. Usibonyeze."

Alimnyoa polepole. Chini ya taya alimkata kidogo, tone moja, na mzee akaligusa kwa kidole, akatabasamu. Uso ukatokea, umekonda na umezeeka, lakini ni ule ule. Akajifuta, akavaa mkanda wake, akaenda dirishani, akautwaa ufunguo.

Misumari akaweka bakuli chini. "Unampelekea mwenye nyumba?"

"Nimpelekee nini?" mzee alisema, akitafuta viatu. "Lete ufagio. Pale dukani vumbi limefika magotini."