Shamba Lililofika Barazani

Asubuhi ya kesi yake, Mwanaisha alishuka kwenye bodaboda mbele ya baraza la ardhi, akakung'uta vumbi la kijijini kwao Ziwani kwenye khanga, akakuta shamba lake limetangulia.

Lilikuwa limekaa kwenye maegesho ya magari, na mikorosho yake yote, udongo wake mwekundu, na kaburi la mama yake katikati. Mlinzi alikuwa ameliomba lijibane kidogo gari la mwenyekiti lipate kupita, nalo likajibana.

"Shikamoo mama. Hili ni lako?"

"Marahaba. Ndicho tulichokuja kuuliza."

Mustafa, jirani yake na mnunuzi wa korosho, alidai shamba ni lake tangu zamani, na kwamba humo hakuna kaburi la mtu yeyote. Mwanaisha alisema mama yake kalala humo. Mwenyekiti wa baraza, Mama Felista, alitaka akalione kaburi kwa macho yake ndipo aamue, lakini kila tarehe ilipofika gari la serikali la kumpeleka lilikosekana, na kesi ikaahirishwa. Huku nyuma Mustafa alizungushia shamba miiba, akavuna.

Siku hiyo wote wakatoka nje. Mama Felista akachuchumaa, akasoma jina kwenye kibao cha kaburi. Mwanaisha akainua mikono akamwombea mama yake, jambo alilokuwa hajaweza kulifanya pale tangu miiba ile iwekwe. Moyo ukamtulia. Akajua yamekwisha.

Wakili wa Mustafa, aliyeitwa Frank, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nina pingamizi. Baraza hili husikiliza mashauri ya ardhi, na ardhi ni mali isiyohamishika. Hii imehama."

"Kwa hiyo ni nini, wakili?"

"Mali inayohamishika. Sawasawa na ng'ombe, au baiskeli. Baraza lako halina mamlaka nayo."

Mama Felista aliandika kwa muda mrefu.

"Mama, kaburi nimeliona," alimwambia Mwanaisha kwa upole. "Ila nimelionea hapa. Sheria inataka nikalionee kule."

"Kule sasa kuna shimo, mheshimiwa."

"Basi hilo shimo ndilo lililo chini ya mamlaka yangu."

Akaamua kwamba kesi ya shamba ipelekwe mahakama ya kawaida, na kwa sasa hali ibaki kama ilivyokuwa. Na ilivyokuwa, Mustafa ndiye mvunaji.

Jioni ile redio ya mjini ilimkaribisha Amani, mchambuzi wa sheria, aliyeusifu uamuzi huo kuwa umekata mzizi wa fitina. Mchambuzi mwenzake akampinga: humo mna kaburi, na marehemu hakuulizwa kama ameridhia kuhama. Wakabishana mpaka taarifa ya habari. Msikilizaji mmoja wa Ufukoni akapiga simu kuuliza korosho zinaliwa na nani, akaambiwa kwamba swali hilo halikuwa mbele ya baraza.

Msimu ulipoingia, vijana wa Mustafa wakawa wanaokota korosho pale maegeshoni, wakisalimiana vizuri na makarani. Mwanaisha alikuja kuulizia kesi yake mpya, akatandika mkeka chini ya mkorosho mkubwa, karibu na mama yake. Rehema wa Likombe, aliyekuwa na kesi ya kiwanja, akaketi naye.

"Ulilishawishije likaja?"

"Sikulishawishi. Nadhani lilichoka kuahirishwa."

Rehema akawaza kidogo. "Changu mimi kina choo cha shimo."

"Basi usikiharakishe."

Karani akatoka, akawataka radhi, akawaomba wahamie juani, kwa kuwa kivuli nacho ni sehemu ya mali inayobishaniwa. Mwanaisha akasema hamna neno, akakunja mkeka. Walipoondoka, vijana wa Mustafa wakaburuta magunia yao mpaka kivulini, wakakaa kupumzika, na mmoja wao akaegemea kibao cha kaburi, akasinzia.